Maswali ya Wasomaji: Mguu wa Kushoto Uanze Shule

Barua zilizotufikia safari hii zimeelekea upande mmoja. Nyingi zimeandikwa na watu wazima ambao tayari wana leseni na wamezoea gari la otomatiki, lakini sasa kazi au makazi mapya yamewakutanisha na gari la gia za mkono. Jambo hilo halishangazi. Magari mengi madogo yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani ni ya otomatiki, ilhali magari ya kazi, yaani Land Cruiser hadtop za miradi, Hiace za abiria, pikapu na malori, kwa kiasi kikubwa yamebaki na gia za mkono. Swali la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu wengine wote waliouliza wataonja humo sehemu ya jibu lao.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa wa mradi wa maji na nimehamishiwa wilayani hivi karibuni. Nimeendesha Toyota IST jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa bila tatizo, lakini huku gari la ofisi ni Land Cruiser hadtop ya gia za mkono. Kila nikitaka kuondoka, gari linazima au linarukaruka. Dereva anayenifundisha hunirudia neno moja tu, “Achia klachi polepole,” nami naona naachia polepole kadiri ya uwezo wangu. Nakosea wapi? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Marahaba. Agizo unalopewa si la uongo, ila ni pungufu, na upungufu huo ndio unaokuchosha. Klachi haihitaji kuachiwa polepole kutoka chini hadi juu. Inahitaji upole mahali pamoja tu, na kabla ya mahali hapo unaweza kuinua mguu kwa kasi ya kawaida. Anayeinua mguu polepole njia nzima huchoka kabla hajafika panapohusika, na akifika hapo hupapita kwa pupa, kwa kuwa subira yake imekwisha.

Ili upajue mahali hapo, elewa kwanza kinachotendeka ndani. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili, linalozunguka wakati wote injini inapowaka. Kati yake na giaboksi kuna pleti ya klachi, na presha pleti yenye springi kali huikandamiza pleti hiyo kwenye flaiwili ili vizunguke pamoja. Ukikanyaga klachi, unaondoa mkandamizo huo. Pleti inaachana na flaiwili, na injini inabaki ikizunguka peke yake bila kuyasukuma magurudumu. Sasa, injini isiyokanyagwa mafuta huzunguka mara mia sita au mia saba na zaidi kwa dakika, wakati magurudumu ya gari lililosimama hayazunguki kabisa. Ukiachia klachi kwa ghafla, unailazimisha injini ishuke hadi kwenye mwendo wa magurudumu, yaani sifuri, na hapo haina budi kuzima. Kazi ya mguu wako ni kuiacha pleti iteleze kidogo kwa sekunde chache, ili gari lipate mwendo kabla injini haijazidiwa.

Kwa hiyo pedeli ina sehemu tatu. Ukiinua mguu kutoka chini, sehemu ya kwanza haina tukio lolote. Kisha inafuata sehemu nyembamba, pengine ya upana wa vidole viwili, ambapo klachi inaanza kushika. Baada ya hapo, sehemu iliyobaki hadi juu haina tena jambo kubwa, kwa sababu pleti na flaiwili vimekwisha kuwa kitu kimoja. Siri yote ya kuondoka ni kuifikia ile sehemu nyembamba, kutulia hapo bila kuongeza wala kupunguza hadi gari litembee kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na ndipo kumalizia.

Mwombe mwalimu wako akupeleke kwenye uwanja ulio tambarare, ambako hakuna watoto wala mifugo, na umwambie kwamba kwa saa nzima mguu wako wa kulia hautagusa mafuta. Kanyaga klachi hadi mwisho, weka gia namba moja, ondoa breki ya mkono, kisha inua mguu wa kushoto huku ukisikiliza. Utajua kwamba umefika kwa dalili tatu zinazokuja karibu kwa pamoja: mngurumo wa injini unashuka na kuwa mzito, usukani unatetemeka kidogo mikononi, na boneti inainuka kwa kiasi ambacho jicho hulitambua likiwa limeangalia mbele. Hapo simamisha mguu. Gari litaanza kujivuta lenyewe. Liache litembee hatua chache, kanyaga klachi tena, funga breki, anza upya. Usihesabu mara ngapi. Acha pale ambapo mguu unafika mahali hapo bila wewe kuuelekeza.

Katika hili hadtop inakupendelea kuliko unavyodhani. Nyingi za Land Cruiser hizo zina injini ya dizeli ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ambayo ina nguvu kubwa hata inapozunguka taratibu, na kwa hiyo inaondoka kwenye uwanja tambarare bila tone la mafuta kuongezwa. Gari dogo la petroli halina uvumilivu huo. Hilo hutaka mafuta kidogo kabla klachi haijashika. Mwanafunzi anayeanzia kwenye dizeli kubwa huujua mguu wa kushoto peke yake kwanza, na wa kulia huja kuongezewa baadaye. Wanaofundishwa miguu yote miwili siku moja huishia kukanyaga mafuta mengi ili kuficha udhaifu wa klachi, na tabia hiyo ni ngumu kuitoa.

Angalia pia namna unavyokaa. Klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, goti lako linapaswa kubaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, unaikanyaga pedeli kwa ncha ya vidole na huwezi kuisimamisha unapotaka. Kandambili hazifai, kwa kuwa huteleza na kujikunja chini ya pedeli, na buti nene za kwenda kuchimba mitaro nazo zinauzuia unyayo usihisi lolote. Viatu vyenye soli nyembamba inayoshika mguu vyema ndivyo vya kujifunzia.

Gari likikwisha kutembea, kubadili gia ni kazi nyepesi, ila mkono usishike kwa nguvu. Kwa kuwa sisi tunakaa upande wa kulia, gia namba moja na mbili ziko mbali nawe, upande wa abiria. Kwa hiyo unapotoka namba moja kwenda mbili, sukuma mkono wa gia kuelekea kwa abiria wakati unapoushusha. Kutoka mbili kwenda tatu, fanya kinyume cha kile ambacho hofu inakuambia: legeza vidole. Springi iliyomo ndani itaurudisha mkono wa gia kwenye mstari wa kati bila msaada wako, nawe utausukuma mbele moja kwa moja. Wanaokosea hapa ni wale wanaoukamata mkono wa gia kwa ngumi na kuuvuta mshazari, wakajikuta kwenye namba tano au wamerudi namba moja, gari likashtuka na abiria wakainamia mbele. Wakati wa kubadili utaambiwa na sikio: injini ikianza kulalamika kwa sauti ya juu, panda, ikianza kugugumia na gari kutikisika, shuka. Macho yabaki barabarani.

Jambo la mwisho kwako linahusu kusimama. Aliyezoea otomatiki, akiona ng'ombe wanavuka, hukanyaga breki peke yake na gari linamzimikia. Akishaonywa, hukanyaga klachi kwanza na gari likaendelea kuserereka bila kizuizi cha injini. Utaratibu ni kuanza na breki, kuacha injini isaidie kupunguza mwendo, na kukanyaga klachi pale gari linapokaribia kusimama. Katika dharura ya kweli, kanyaga vyote viwili kwa pamoja, wala usijali kama injini itazima. Nawe utakaporudi likizo Dar es Salaam na kuingia kwenye IST yako, uuweke mguu wa kushoto pembeni mapema, maana utakuwa umezoea kutafuta klachi, na pedeli pana utakayoikuta hapo ni breki.

SWALI: Ndugu mwalimu, ninajifunza gari katika milima ya Lushoto. Kwenye tambarare naweza, lakini nikisimama kwenye mwinuko gari hurudi nyuma kabla sijaondoka, na huku kwetu bodaboda hupenda kusimama karibu kabisa na bampa. Mwalimu wangu anasema niwe mwepesi wa kuhamisha mguu kutoka breki kwenda kwenye mafuta. Je, hakuna njia nyingine? (Msomaji, Lushoto)

JIBU: Ipo, nayo ni salama zaidi kwa mwanafunzi. Wepesi wa mguu ni ufundi wa dereva aliyekomaa. Kumtaka mwanafunzi autegemee mlimani, huku pikipiki ikiwa nyuma yake, ni kuwachezea wote wawili. Tumia breki ya mkono.

Ukisimama kwenye mwinuko, vuta breki ya mkono hadi gari litulie hata ukiondoa mguu kwenye breki. Kanyaga klachi, weka namba moja, kisha kanyaga mafuta kiasi cha kuisikia injini ikinguruma kwa sauti thabiti, ambayo haipandi wala haishuki. Inua klachi hadi ishike. Hapa mlima unakusaidia, kwa sababu dalili zake zinakuwa wazi kuliko kwenye tambarare: sehemu ya nyuma ya gari inabonyea chini kidogo, kwa kuwa injini inataka kwenda mbele na breki ya mkono inakatalia. Ukiiona dalili hiyo, gari haliwezi tena kurudi nyuma. Shusha breki ya mkono taratibu huku mguu wa kushoto ukibaki palepale ulipo, na gari litaondoka. Wengi huharibu katika hatua hii moja, kwa kuwa mkono unaposhuka, mguu nao huinuka bila ruhusa, na gari likazima katikati ya barabara. Likizima, usihangaike kuwasha kwanza. Kanyaga breki, vuta breki ya mkono, ndipo uanze upya kwa utulivu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba breki ya mkono ya gari unalojifunzia inafanya kazi. Nimeyaona magari ya kufundishia ambayo mkono huo unapanda hadi juu na gari bado linatambaa. Kwa gari la namna hiyo, kataa kwenda mlimani hadi fundi aikaze, na wala usione haya kulisema hilo mbele ya mwalimu.

SWALI: Mjomba wangu ameendesha malori tangu nikiwa mtoto, naye ndiye anayenifundisha. Tukiwa kwenye mteremko, huniambia niweke gia fri, yaani gari libaki bila gia yoyote, ili tuokoe mafuta. Rafiki yangu anasema ni hatari. Siwezi kumbishia mtu mzima bila sababu, kwa hiyo naomba sababu. (Msomaji, Iringa)

JIBU: Sababu zipo za aina mbili, na kwa kuwa mjomba anazungumzia mafuta, anza na hizo. Gari likiwa fri, injini inapaswa kujiendesha yenyewe isizime, kwa hiyo inaendelea kutumia mafuta. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na mfumo wa mafuta wa magari mengi ya kisasa hukata kabisa mafuta katika hali hiyo. Yaani, mteremkoni, gari lililo kwenye gia ndilo linalookoa zaidi. Huenda mjomba aliupata ushauri huo enzi za injini za kabureta (kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa), ambazo zilikuwa na hesabu nyingine, na hivyo usimfanye aonekane kwamba alikuwa mjinga.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Gari zito likishuka fri, kazi yote ya kulizuia inaachiwa breki, na breki hufanya kazi hiyo kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Mteremko ukiwa mrefu, joto halipati nafasi ya kutoka. Vitambaa vya breki hupoteza uwezo wa kushika, na majimaji ya breki kwenye magari madogo yanaweza kuchemka na kutoa mapovu, hivyo pedeli ikazama hadi chini bila kitu kutokea. Wewe uliye Iringa unaujua mlima wa Kitonga, katika barabara itokayo Ruaha Mbuyuni, na umewahi kuona malori yakiushuka kwa mwendo wa kutambaa, injini zikinguruma. Madereva hao si waoga. Wameweka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, na injini ndiyo inayoyashika malori yao. Nchini Kenya, mteremko wa Salgaa katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret ulipata sifa mbaya kwa ajali za malori, na miongoni mwa sababu zilizotajwa mara kwa mara ni tabia hiihii ya kushuka fri.

Kanuni ya madereva wa zamani, ambayo naamini mjomba ataikubali, ni kwamba mlima unashukwa kwa gia ileile ambayo ungetumia kuupanda. Gia hiyo iwekwe ukiwa bado juu mlimani, kabla ya mteremko kuanza. Lori likishapata kasi, kurudi kwenye gia ndogo kunaweza kushindikana, na ukishatoa gia moja bila nyingine kuingia, umebaki fri bila kupenda.

SWALI: Naendesha bajaji na sasa nataka kujifunza gari. Je, uzoefu wangu utanisaidia? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Utakusaidia sana katika sikio, na utakusumbua kidogo katika viungo. Bajaji unayoendesha ina klachi, ila unaibana kwa mkono wa kushoto na kubadili gia kwa kuzungusha mkono huohuo. Kwa hiyo wazo la kukata nguvu, kubadili, na kurudisha nguvu umekwisha kulielewa, na tayari unajua injini inayozidiwa inalia vipi. Wanafunzi wa namna yako huruka hatua ambayo wengine hukaa nayo kwa muda mrefu. Kinachobaki ni kuhamisha ujuzi huo kutoka vidoleni hadi unyayoni, na unyayo ni mzito kuelewa. Kumbuka pia kwamba gia za bajaji hufuatana moja baada ya nyingine, ilhali za gari zinakuruhusu kuruka, kwa mfano kutoka namba nne hadi mbili unapokaribia kona kali, mradi umekwisha kupunguza mwendo kwa breki. Tofauti nyingine ni upana wa chombo, na hilo mwachie mwalimu akuoneshe kwa vioo. Kabla ya kuingia barabarani tafuta leseni ya kujifunzia. Leseni ya bajaji haikupi ruhusa ya kuendesha gari dogo, ambalo Tanzania liko katika daraja D kwa matumizi binafsi.

SWALI: Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Uingereza. Naambiwa nifanye mtihani kwa gari la otomatiki kwa kuwa ni rahisi. Unanishauri nini? (Msomaji, London)

JIBU: Huko sheria inakuamulia mengi. Ukifaulu kwa gari la otomatiki, leseni yako ya Uingereza itaandikwa namba 78, maana yake huruhusiwi kuendesha gari la gia za mkono hadi ufanye mtihani mwingine. Ukifaulu kwa gia za mkono, unaruhusiwa yote mawili. Ikiwa huna mpango wa kazi ya udereva, na magari ya nyumbani kwako ni ya otomatiki au ya umeme, sioni aibu yoyote kuchukua njia fupi. Lakini ikiwa unatazamia kurudi Unguja siku moja na kushika gari la shamba au la abiria, jifunze gia sasa, maana huko uliko watu huendesha kushoto kama kwetu na mkono wa gia uko upande uleule, kwa hiyo hutakuwa na la kusahau ukirudi.

SWALI: Nimejifunza gia miezi michache iliyopita na sasa naendesha kila siku kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Gari linatoa harufu ya kuungua, na fundi ananiambia klachi imeanza kuisha. Je, ni kosa la uendeshaji wangu au ni uzee wa gari? (Msomaji, Kimara)

JIBU: Inawezekana ni yote mawili, lakini foleni ina mtego wake, na wanafunzi wapya ndio huangukia humo. Gari la mbele likisogea kidogo, nawe husogea kwa kuishikilia klachi katikati, mguu ukiwa hauko chini wala juu, na unabaki hivyo kwa dakika nyingi. Wakati wote huo pleti inateleza juu ya flaiwili, na harufu unayoisikia ni ya kitambaa cha pleti kikiungua. Acha nafasi iongezeke mbele yako, usogee mara moja kwa umbali wa kutosha, kisha weka fri, vuta breki ya mkono na uondoe mguu kabisa kwenye klachi. Bodaboda wataingia katika nafasi hiyo, waache waingie. Hata barabara ikiwa wazi, usiupumzishe mguu juu ya pedeli, kwa sababu uzito mdogo tu huichakaza rilizi beringi, ile inayoisukuma presha pleti.

Kabla hujalipa, jipimie mwenyewe. Ukiwa kwenye barabara tupu, kwenye gia namba nne na mwendo wa wastani, kanyaga mafuta kwa nguvu: mngurumo ukipanda haraka huku gari haliongezi mwendo, klachi inateleza na fundi anasema kweli. Mngurumo na mwendo vikipanda kwa pamoja, klachi bado inashika, na kabla ya kuibadilisha badili kwanza namna unavyoendesha kwenye foleni, uone kama harufu itaisha. Ikibidi kubadilisha, mwambie fundi aweke pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa wakati mmoja, na akague uso wa flaiwili kama umeungua au kupata mifereji. Sehemu kubwa ya kazi anayokutoza ni ya kushusha giaboksi, na ukinunua pleti peke yake, utamlipa tena kwa kuishusha ileile mara beringi itakapoanza kulia.